Madhara ya dawa za gauti: mwongozo kamili kwa mgonjwa wa Dar es Salaam

Wagonjwa wengi wa gauti, ugonjwa wa viungo unaoletwa na asidi ya yuriki iliyozidi mwilini, hapa Dar es Salaam wanaogopa dawa ambayo si ya kuogopwa kuliko nyingine. Alopurinoli, dawa ya kushusha asidi hiyo waliyoandikiwa hospitali na kuambiwa wataimeza kwa miaka, inakaa kabatini kwa sababu jirani kasema inaharibu figo. Diklofenaki, dawa ya maumivu inayouzwa dukani kwa jina la diklopa, wanaimeza kila kidole gumba cha mguu kinapovuta, wiki baada ya wiki, bila cheti na bila kipimo. Kwa figo, kwa tumbo na kwa moyo, hiyo ya pili ndiyo inayoumiza watu wengi zaidi.

Mwongozo huu haubatilishi alichokuelekeza daktari wako. Unakusaidia kujua maudhi gani ni ya kuvumilia, yapi ni ya kurudi nayo kliniki, na yapi ni ya kuita bajaji usiku huohuo.

Hatua ya 1: Weka dawa zote mezani

Toa kila kidonge kilichomo ndani ya nyumba, pamoja na kile kilichobaki kwenye mkoba tangu maumivu ya mwezi uliopita. Zigawe mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni dawa za kuzima shambulio: diklofenaki, ibuprofeni, indomethasini, meloksikamu, kolchisini, prednisoloni. Hizi hutuliza uvimbe na maumivu, lakini asidi ya yuriki iliyosababisha yote hazigusi. Fungu la pili ni dawa za kushusha asidi hiyo, yaani alopurinoli na febuksostati. Hizi hazitulizi maumivu ya leo hata kidogo. Kazi yake inaonekana baada ya miezi, fuwele zilizojikusanya kwenye viungo zinapoyeyuka. Fungu la tatu ni dawa za magonjwa mengine: presha, sukari, kifua kikuu, virusi vya UKIMWI, vidonda vya tumbo, pamoja na miti shamba. Msilidharau fungu hili. Baadhi ya madhara mabaya kabisa ya dawa za gauti hutokea pale fungu la tatu linapokutana na mawili ya mwanzo.

Piga picha kila pakiti kwa simu, jina na miligramu zionekane. Vidonge vikikatwa na kutiwa kwenye bahasha ndogo iliyoandikwa 1×3 tu, mwombe muuzaji aandike jina la dawa na nguvu yake. Ni haki yako, na siku ukizidiwa bahasha hiyo ndiyo itakayomwambia daktari umekunywa nini.

Hatua ya 2: Pima kwanza

Vipimo vya kuomba kabla ya kuanza ni kriatinini inayoonyesha hali ya figo, vimeng'enya vya ini, sukari, presha, na asidi ya yuriki yenyewe. Ukilazimika kuchagua kwa sababu ya pesa, anza na kriatinini, maana dozi ya dawa nyingi za gauti inategemea figo.

Asidi ya yuriki inaweza kusoma kawaida katikati ya shambulio, mguu ukiwa umevimba kabisa. Isikudanganye. Rudia kipimo baada ya wiki mbili hivi maumivu yakishatulia.

Mweleze daktari bila kuficha: umewahi kuwa na vidonda vya tumbo? Moyo? Kuna dawa iliyowahi kukuletea upele? Unakunywa pombe kiasi gani? Hakuulizi ili akuhukumu. Majibu hayo ndiyo yanayoamua dawa ipi ni salama kwako.

Hatua ya 3: Dawa za maumivu zinazouzwa kila kona

"Dada, naomba diklopa za buku." Sentensi hiyo inasikika kila siku kwenye maduka ya dawa kuanzia Mbagala hadi Tegeta, na mara nyingi muuzaji haulizi chochote. Kwa mtu mzima mwenye tumbo zima, figo zima na presha ya kawaida, diklofenaki kwa siku chache ni dawa nzuri ya shambulio la gauti. Tatizo ni kwamba mgonjwa wa gauti ni nadra kuwa mtu wa namna hiyo. Gauti hupenda kuandamana na presha, uzito mkubwa, kisukari na figo dhaifu.

Dawa za jamii hii huathiri sehemu tatu. Tumboni hupunguza kinga ya ukuta wa tumbo, ndipo kidonda kinapochimbika. Kiungulia kinachopungua ukila ni onyo dogo. Choo cheusi kinachonata kama lami, au matapishi yanayofanana na unga wa kahawa, ni damu, na hilo halisubiri asubuhi. Kwenye figo hupunguza damu inayoingia, mkojo ukapungua na miguu ikavimba. Kwenye moyo na mishipa hupandisha presha, na diklofenaki hasa huongeza hatari ya shambulio la moyo na kiharusi, kwa hiyo mwenye ugonjwa wa moyo asiiguse. Indomethasini ina kero yake ya ziada: maumivu ya kichwa na kizunguzungu, hasa kwa wazee.

Ukiandikiwa, fanya hivi. Meza baada ya kula. Meza moja tu ya jamii hiyo, usichanganye diklofenaki na ibuprofeni ukidhani unaongeza nguvu, unaongeza madhara. Kwa diklofenaki, jumla ya siku kwa mtu mzima isizidi miligramu 150. Ukiwa na miaka zaidi ya 65 au uliwahi kuwa na vidonda, muulize daktari juu ya omeprazo ya kulinda tumbo. Acha pindi shambulio linapoisha. Usiendelee "kujikinga" kwa mwezi mzima.

Wengine huamini sindano ya diklofenaki haigusi tumbo kwa kuwa haipitii mdomoni. Inagusa. Dawa ikishaingia kwenye damu inafika kwenye ukuta wa tumbo na kwenye figo vilevile.

Jambo jingine la hapa kwetu: vidonge vingi vya aina ya diklopa ni mchanganyiko wa diklofenaki na parasetamo. Ukiongeza Panadol juu yake unarudia parasetamo, na ini ndilo litakalolipa. Parasetamo kwa mtu mzima isizidi gramu 4 kwa siku, yaani vidonge vinane vya miligramu 500, ukihesabu na ile iliyojificha kwenye mchanganyiko. Kwa anayekunywa pombe sana kiwango kiwe chini ya hapo.

Hatua ya 4: Kolchisini, dawa ya kuheshimu dozi

Kolchisini inafanya kazi vizuri ikianzwa mapema, ndani ya saa 12 tangu kiungo kianze kuwaka. Maudhi yake makubwa ni kuharisha, kichefuchefu na tumbo kusokota.

Zamani mgonjwa aliambiwa ameze kila saa mpaka maumivu yaishe au aanze kuharisha. Ukikutana na maelekezo hayo kwenye karatasi ya zamani au kwa mtu anayekushauri mtaani, usiyafuate. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulilinganisha dozi ndogo na dozi kubwa ya namna ile ya zamani: nafuu ilikuwa karibu sawa, lakini walioharisha kwenye dozi kubwa walikuwa takriban 77 kati ya 100, na kwenye dozi ndogo 23 kati ya 100. Mwongozo wa Ulaya leo ni miligramu 1 mara moja, kisha miligramu 0.5 baada ya saa moja, basi kwa siku hiyo. Siku zinazofuata ni dozi ndogo kwa mpango wa daktari, na mwenye figo dhaifu hupewa pungufu zaidi au dawa nyingine kabisa.

Ukianza kuharisha, acha kumeza na umpigie aliyekuandikia. Usinunue dawa ya kuzuia kuharisha ili uendelee na kolchisini, kwa sababu kuharisha ndiyo alama ya kwanza kwamba dawa imezidi mwilini.

Umbali kati ya dozi inayotibu na dozi inayoua ni mfupi. Aliyezidisha sana anaweza kutapika na kuharisha siku ya kwanza, akaonekana amepata nafuu, kisha siku zinazofuata uboho (sehemu ya ndani ya mifupa inayotengeneza damu), moyo na figo vikaanza kushindwa. Haina kiuasumu cha kutegemea hospitalini, na mashine ya kusafisha damu haiitoi. Kwa hiyo iwekwe juu, mbali na watoto, na aliyezidisha apelekwe hospitali hata kama anasema yuko sawa.

Hapa pana mtego ambao ningependa kila mgonjwa wa gauti wa jiji hili aujue. Mtu anakula diklopa miezi, anapata vidonda vya tumbo, anapima, anaambiwa ana H. pylori, bakteria wa tumboni, anapewa pakiti ya dawa za wiki mbili. Ndani ya nyingi ya pakiti hizo kuna klarithromaisini. Dawa hiyo huuzuia mwili usitoe kolchisini, na kuna wagonjwa waliofariki kwa kuzimeza pamoja. Ukiwa unameza kolchisini, hata ile ndogo ya kila siku, sema kabla hujapokea pakiti ya H. pylori. Tahadhari hiyohiyo inahusu ketokonazo na itrakonazo za fangasi, verapamili na diltiazemu za moyo na presha, na ritonaviri iliyomo kwenye baadhi ya ARV za mstari wa pili. Anayemeza dawa za kushusha kolestro za jamii ya statini aangalie udhaifu wa misuli: ukishindwa kunyanyuka kwenye kiti au kupanda ngazi bila sababu, rudi hospitali.

Hatua ya 5: Prednisoloni

Kwa asiyeweza diklofenaki wala kolchisini, daktari huandika prednisoloni, mara nyingi miligramu 30 hadi 35 kwa siku tano. Kwa muda huo mfupi unaweza kukosa usingizi, kupata hamu kubwa ya kula, na hasira za karibu. Imeze asubuhi baada ya chai, ili usiku usingizi usikupotee sana. Mwenye kisukari apime sukari mara nyingi zaidi siku hizo kwa kuwa itapanda, na mwenye presha vivyo hivyo.

Madhara mazito huja kwa wanaoimeza miezi: uso kuwa wa duara, mifupa kulegea, ngozi kuwa nyembamba, na kinga kushuka kiasi kwamba kifua kikuu kilicholala kinaamka. Aliyeimeza kwa zaidi ya wiki tatu asiache ghafla. Tezi zake zimeshazoea kupumzika na zinahitaji kuamshwa taratibu.

Wengine wanameza dawa ya jamii hii bila kujua. Dawa ya "mifupa" isiyo na lebo, inayouzwa kwenye chupa au kwenye vikaratasi, ikiondoa maumivu yote ndani ya saa chache na kukufanya unenepe mashavu, shuku kwamba imetiwa deksamethasoni au prednisoloni. Ipeleke kwa daktari uionyeshe, na kama umeitumia muda mrefu, mwache yeye apange jinsi ya kuiacha.

Hatua ya 6: Alopurinoli, miezi ya mwanzo

Ndiyo dawa kuu ya kushusha asidi. Inatumika tangu miaka ya 1960, ni ya bei nafuu, na ikitumiwa vizuri humwezesha mtu kusahau gauti. Asilimia kubwa ya waliokata tamaa nayo walikwazwa na mambo mawili ambayo hakuna aliyewaeleza.

Kwanza ni shambulio la kuanzia. Asidi inaposhuka, fuwele zilizoganda kwenye viungo huanza kuyeyuka, na mwili huzishtukia. Matokeo yake gauti inaweza kupiga wiki chache baada ya kuanza dawa, pengine kwenye goti au kifundo ambacho hakijawahi kuuma. Mgonjwa anasema, "Dawa imenizidishia," anaitupa. Kumbe ilikuwa imeanza kazi. Ndiyo maana huandikiwa kolchisini ndogo ya kila siku pembeni yake kwa miezi mitatu hadi sita. Kama hukupewa kinga hiyo, uliza. Shambulio likija, litibu kama kawaida na uendelee na alopurinoli bila kuruka.

Pili ni dozi. Mwongozo wa leo ni kuanza na miligramu 100 kwa siku au pungufu, 50 au chini kwa mwenye figo dhaifu, kisha kupandisha kidogokidogo kila baada ya wiki kadhaa hadi asidi ishuke chini ya miligramu 6 kwa desilita, ambayo maabara nyingine huandika 360 mikromoli kwa lita. Wengine wataishia 300, wengine watahitaji zaidi. Kuanza moja kwa moja na 300 kunaongeza hatari ya mzio mbaya, kwa hiyo ukiandikiwa hivyo siku ya kwanza, muulize daktari kwa heshima kama haiwezekani kuanzia chini.

Mzio huo ndio wa kuogopa kwelikweli. Ni wa nadra, takriban mtu mmoja kati ya elfu moja, lakini unaua takriban robo ya unaowapata. Hujitokeza zaidi ndani ya miezi miwili ya mwanzo. Dalili zake: upele unaosambaa, homa, vidonda mdomoni au sehemu za siri, macho mekundu yanayowasha, uso kuvimba, ngozi kutoka malengelenge au kuchubuka, macho kuwa ya njano. Katika kipindi hicho upele wowote, hata mdogo, ni sababu ya kuacha alopurinoli siku hiyohiyo na kwenda hospitali. Usipake losheni ukisubiri kesho. Usimeze tena "kujaribu kama ni yenyewe". Hatari huwa kubwa zaidi kwa mwenye figo dhaifu na kwa anayemeza dawa za kukojoza za jamii ya hidroklorothiazidi.

Upele huweza pia kutokea kwa urahisi zaidi ukimeza amoksilini ukiwa kwenye alopurinoli. Ukiumwa koo, usijinunulie; mwambie mfamasia unatumia nini. Na anayemeza azathioprini, kama waliopandikizwa figo, asiongezewe alopurinoli bila daktari bingwa kujua, maana mchanganyiko huo hudhoofisha uboho.

Mengine ni madogo: kichefuchefu, usingizi kidogo, choo kulegea. Meza baada ya chakula na maji mengi. Joto la Dar la Januari hadi Machi hukausha mwili haraka, na mwili mkavu hukaribisha mashambulio na mawe ya figo.

Ama hofu ya kuharibu figo: kinachoangaliwa ni dozi iendane na figo zako. Mwenye figo dhaifu huanza chini na kupanda polepole akipimwa. Haina maana kwamba haruhusiwi.

Hatua ya 7: Febuksostati

Hupewa aliyeshindwa na alopurinoli. Nayo huleta mashambulio ya kuanzia, na ini lipimwe. Mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani iliiwekea onyo kali baada ya utafiti kuonyesha vifo vingi zaidi vya moyo ukilinganisha na alopurinoli. Utafiti wa Ulaya wa 2020 haukuona tofauti hiyo. Kwa mwenye historia ya moyo au kiharusi, hilo ni la kuzungumza na daktari wa moyo kabla ya kidonge cha kwanza. Maumivu ya kifua, kukosa pumzi au upande mmoja wa mwili kulegea: hospitali mara moja.

Hatua ya 8: Kagua fungu la tatu

Tazama dawa ya presha. Losatani peke yake hushusha asidi ya yuriki kidogo, lakini ile yenye herufi H mwishoni ina hidroklorothiazidi, inayoipandisha. Bendrofluazidi na furosemidi pia huipandisha. Usiache dawa ya presha. Muulize daktari kama kuna ya kubadilisha. Na ukiwa unameza losatani au enalaprili pamoja na dawa ya kukojoza, diklofenaki ikiwa ya tatu inaweza kuzimisha figo ndani ya siku chache, hasa ukiwa unaharisha au huna maji mwilini.

Anayetumia TLD, kidonge cha ARV, ajue ndani yake kuna tenofoviri, inayopita kwenye figo. Diklofenaki ya mfululizo juu yake ni mzigo wa pili. Aliye kwenye miezi miwili ya mwanzo ya dawa za kifua kikuu anameza pirazinamidi, ambayo hupandisha asidi ya yuriki na huweza kuumiza viungo. Aseme kliniki, na asiache dozi ya TB hata siku moja. Aspirini ndogo ya moyo nayo hupandisha asidi, lakini faida yake kwa moyo ni kubwa kuliko hasara hiyo.

Hatua ya 9: Mwezi wa Ramadhani

Alopurinoli humezwa mara moja kwa siku, hivyo ihamishie baada ya futari. Kolchisini ndogo ya kinga nayo hukaa vizuri hapo. Dawa za maumivu ni ngumu zaidi: kuzimeza daku kisha kukaa siku nzima ya joto bila maji ni kuzichosha figo. Shambulio kali likija ukiwa umefunga, ongea na daktari. Mgonjwa ana ruhusa ya kufungua na kulipa siku nyingine. Kati ya futari na daku kunywa maji kwa wingi, na soda na juisi za sukari zipunguze, kwa kuwa sukari ya matunda iliyomo huongeza asidi.

Hatua ya 10: Madhara yakitokea

Beba pakiti zote, si ile unayoishuku peke yake, na uandike saa uliyomeza mara ya mwisho. Mwombe daktari au mfamasia ajaze taarifa ya madhara kwenda TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Toleo la dawa linaloandikwa kwenye pakiti linahitajika, kwa hiyo usitupe ganda.

Kama ulikuwa mzio wa alopurinoli, liandikwe kwa herufi kubwa kwenye kadi yako ya kliniki, na uliseme tena kila unapofunguliwa faili jipya. Faili lako la Mwananyamala halikufuati ukihamia Temeke, na ndugu anayekupeleka usiku huenda hajui historia yako. Mpe naye picha ya kadi hiyo kwenye simu yake.